Misumari ya Darini

Haya yalimpata rafiki yangu Alawiya, mjane wa Kisauni, mwaka mmoja kabla ya uhuru, naye si mtu wa kutia chumvi. Komba walihamia darini mwake. Majirani wakamshauri awatilie sumu.

"Wallahi sumu haiingii nyumbani mwangu," akasema. "Nao wana haki ya kuishi, ila si juu ya kitanda changu."

Jioni tatu alikaa uani akiwahesabu wakitokea tundu moja kwenda kutafuta chakula. Kila siku wanne. Jioni ya nne, walipokwisha kutoka wote, fundi Masha akapanda ngazi, akaliziba tundu kwa wavu wa chuma, akaupigilia misumari kutoka nje.

Alfajiri komba wakarudi. Wakaunusa wavu, kisha wakakimbilia mkorosho wakilia kama watoto wachanga. Hapo ndipo nyundo iliposikika darini. Ko, ko, ko.

Alawiya akaigonga dari kwa mchi. "Nyumba hii yangu! Komba nimewatoa kwa heshima, wewe nani? Sihami!"

Nyundo ikanyamaza.

Kulipokucha, Masha akapanda tena. Wavu ulikuwa imara, lakini nje zilichomoza ncha tupu za misumari. Vichwa vyote vilikuwa ndani.