Kopo Lenye Mtu

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa tambarare ya Makanya wakati Gideoni alipoegesha pikipiki yake nje ya nyumba ya Bibi Esta, kule juu mlimani Suji. Ukungu ulikuwa unashuka migombani taratibu. Alikuwa amefuata mikanda ya filamu, basi. Hakuwa amekuja kuiba.

Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, mara nyingi.

Gideoni ni fundi redio na simu mjini Same, na watu wanamjua kwa hilo. Wachache ndio wanaojua ugonjwa wake wa pili: katuni za zamani. Si hizi za watoto wa leo. Anakusanya zile za miaka ya hamsini, zilizochorwa kwa mkono picha moja moja, zikazungushwa vijijini na magari ya sinema kabla ya uhuru. Amezitafuta kwenye stoo za misheni na kwenye mashamba ya mkonge. Mkanda mmoja aliukuta kwa mfugaji wa kijiji cha Kisiwani, kopo lake limegeuzwa la kuwekea dawa ya kupe. Mashine ya kuonyeshea aliifufua mwenyewe. Taa inawaka, magurudumu yanazunguka, ila spika yake ilikufa zamani na hakupata nyingine.

Kwenye simu yupo kundi moja na wakusanyaji wenzake wa nchi za mbali. Wao huonyeshana mikanda ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Yeye hakuwahi kuwa na kitu kama hicho. Akiandika, wanapita kama hawajamwona.

Marehemu mume wa Bibi Esta, Hezroni, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine kwenye gari la sinema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bibi yako nimeimba naye kwaya miaka mingi. Karibu ndani."

Bibi alivuta makopo saba kutoka chini ya kitanda. Sita yalikuwa yameshika kutu. La saba lilifungwa kwa kipande cha kanga na kamba ya mkonge.

"Haya sita chukua, yakufae. Hili niachie."

"Lina nini, bibi?"

Bibi Esta alipapasa kifuniko kama anayepapasa kichwa cha mtoto mwenye homa.

"Lina mtu."

Gideoni alitabasamu. Uzee, aliwaza.

Bibi akatoka kwenda jikoni kumpakulia makande, maana mgeni hashuki mlima na njaa. Gideoni akabaki peke yake. Alimsikia akipuliza moto. Alifungua ile kanga. Mkanda ulikuwa mzima, haujaota ukungu, na jina lililoandikwa pembeni hakuwahi kulisikia popote. Akalitia lile kopo kwenye mkoba. Kisha akachukua moja kati ya yale sita, akalivisha kanga, akalifunga kwa kamba ileile, akalirudisha chini ya kitanda.

Makande alikula mpaka akaongezewa.

Kesho yake, saa moja jioni, alifunga duka akaingia chumba cha nyuma cha nyumba yake. Alitundika shuka jeupe ukutani. Alipofungua kopo ilimpokea harufu ya siki, kama kawaida ya mikanda iliyozeeka. Akawasha mashine.

Krrrrr...

Mbweha aliyevaa suruali alitokea akipiga zeze. Kuku wakatoka bandani mmoja mmoja, wakajipanga, wakaanza kucheza. Kazi nzuri. Gideoni alisogeza kiti.

Mwishoni mwa mstari, nyuma ya kuku wa mwisho, alikuwapo mtoto.

Mtoto mweusi. Miguu mitupu. Gauni limechanika pindo. Alikuwa akirusha miguu kwa kuchelewa, hafuatani na kuku, mikono inaning'inia.

Gideoni alikwisha kuona nyingi za namna hiyo. Wachoraji wa enzi zile walipenda kuwachora watu weusi kama vikaragosi vya kuchekwa, na wakusanyaji huzizungumza kwa sauti ya chini. Alijua si jambo la kuchekesha. Lakini yule mtoto alivyokuwa akijikwaa...

Alicheka.

Alirudisha mkanda nyuma, akaonyesha tena, akacheka tena. Akachukua simu akarekodi kipande kile. Kila alipokosea aliurudisha mkanda. Mara ya sita. Mara ya saba. Mara ya kumi na moja ndiyo aliyoipenda. Akaituma kwenye kundi, na maneno ya mzaha juu yake.

Wakajibu papo hapo. Vicheko. Maswali. Umeutoa wapi? Kwa mara ya kwanza walimwita kwa jina lake.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa mkewe, Fortunata.

"Gideoni," alinong'ona. "Huyo mtoto anayehema humu ni wa nani?"

Spika ilikuwa imekufa. Chumba kilikuwa na mlio wa mashine tu. Krrrrr...

Kisha na yeye akasikia.

Hhh... hhh... hhh...

Pumzi ya mtoto aliyekimbizwa mlima. Harufu ya siki ilikuwa imetoweka. Palinuka nyasi mbichi na moshi wa kuni, kama kiwanja cha shule ya mlimani jioni. Na juu ya sakafu ya saruji, karibu kabisa na shuka, nyayo ndogo... pa, pa, pa... zikichelewa.

Aliangalia ukutani. Kuku walichorwa kwa mistari. Mtoto hakuwa na mistari. Alikuwa na kovu gotini. Alikuwa na jasho.

Na alikuwa akilia huku anacheza.

Gideoni alizima mashine. Pumzi ile iliendelea kidogo gizani, ikapungua, ikapungua... ikakoma.

"Nilikusikia ukicheka," Fortunata alisema. Aligeuka akaenda zake, na Gideoni akaona afadhali angetukanwa.

Siku ya pili alipanda Suji tena, kopo limo mkobani. Bibi Esta alikuwa amekaa mlangoni. Hakushangaa.

"Nilijua juzi, ulipokata tu kona ya kanisa," alisema. "Kitanda kilikuwa chepesi. Kaa."

Gideoni alikaa chini, si kwenye kigoda. Alitaka kuomba radhi. Bibi akaanza yeye.

"Anaitwa Victoria. Mdogo wangu. Alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Gari la sinema lilikuja hapa shuleni mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kuku walipoanza kucheza, mtoto akainuka, akaenda mbele ya shuka, akacheza nao. Kivuli chake kikaingia kwenye picha. Watu wakacheka. Hezroni naye akacheka, kijana bado, akaurudisha mkanda ili mtoto acheze tena. Mara tatu. Taa ilipozimwa mtoto alirudi kukaa. Kivuli hakikurudi naye. Niliona, nikadhani macho yangu yananidanganya. Siku ya nne tukamzika. Mwezi uliofuata Hezroni akaonyesha mkanda uleule kijijini Maore. Akamkuta ndani."

"Ni uchawi wa nani, bibi?"

"Wengine walisema Hezroni alimfanya msukule ili watu wajae kwenye sinema yake. Nikaolewa naye. Nilitaka kukaa karibu na kopo. Nimeishi naye zaidi ya miaka hamsini, nikimtazama akila, akilala, akisali. Sikupata jibu."

"Kwa nini hamkuuchoma?"

"Wewe ungemchoma?"

Ukungu ulikuwa umefika uani. Bibi Esta alishika mkono wake, na mkono wa bibi ulikuwa wa baridi.

"Nikwambie ambalo sijamwambia mchungaji. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia, nenda ukacheze, tukucheke." Alimtazama. "Akionyeshwa, anacheza. Asipoonyeshwa, amelala. Niambie kweli, mjukuu wangu. Umemwonyesha?"

Gideoni aliona mahali pa kusema kweli. Palikuwa wazi kama mlango.

"Hapana, bibi. Sikufungua."

Bibi Esta alifumba macho. Akashukuru Mungu kwa Kipare, maneno mengi, sauti ndogo. Akamwombea Gideoni, na mkewe, na kazi ya mikono yake. Kisha akamfungia tangawizi za shambani kwenye mfuko aende nazo nyumbani.

Alipofika bondeni alisimamisha pikipiki, akafuta kile kipande kwenye kundi. Lakini kilikuwa kimeshachukuliwa. Mmoja alikikata, mwingine akakiunganisha mwanzo na mwisho ili kisikome. Baada ya wiki mbili kikatokea na muziki juu yake, na watu asiowajua, wa nchi asizozijua, walikuwa wakikirushiana na kucheka. Gideoni aliwaandikia wakitoe. Wakamcheka na yeye.

Mwezi ulipotimia, simu yake iliita jioni akifunga duka. Alikuwa Bibi Esta, ameazima simu ya jirani.

"Gideoni, nisamehe kukusumbua. Kopo ninalo hapa chini ya kitanda, halijafunguliwa. Lakini nasikia nyayo. Zamani alikuwa akicheza akionyeshwa, kisha anapumzika. Sasa hapumziki kabisa, mjukuu wangu. Usiku na mchana. Wewe ni fundi, unazijua hizi mashine. Kuna nini?"

Gideoni alisimama na kufuli mkononi. Kwa mbali, nyuma ya sauti ya bibi, alisikia mtu akihema.

"Sijui, bibi," alisema.