Bitana ya Jaketi la Wilfred

"Satini sitaki. Inateleza kama mlenda."

Mteja alivisukuma pembeni vipande vyote vya sampuli nilivyompangia mezani. Alijitambulisha kuwa Anastasia, anakaa Mbweni, na alitaka jaketi la ngozi la kumzawadia mchumba wake.

"Dada Anastasia, satini tutaiweka mikononi tu, mkono upite vizuri. Kiwiliwili tuweke bitana ya pamba, inyonye jasho. Kwa joto la Dar, satini mwili mzima itamchemsha huyo mtu."

"Pamba kama ile?"

Kidole chake kilielekea rafu ya juu. Pale palikuwa na kitenge cha bluu kilichokunjwa vizuri, pembe yake ikiwa na ua la mkorosho lililodariziwa kwa uzi mwekundu.

"Kile si cha kuuza."

"Fundi, jamani! Sema bei."

"Dada, nimesema si cha kuuza. Soma vipimo."

Alicheka, akafungua simu.

"Nimempima kwa wizi, kalala zake fofofo. Kifua arobaini na mbili. Mkono wa kulia ishirini na tano. Wa kushoto ishirini na nne. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Vilevile!"

Kalamu yangu ilisimama. Mwanamume mwenye vipimo hivyo nilikuwa nimemshonea majaketi mawili. Alianguka kwenye mkorosho utotoni, kwao Masasi, mfupa wa kushoto ukaunga vibaya.

"Niandike jina gani?"

"Wilfred. Ila mie namwita Willy."

Miezi sita kabla ya siku hiyo, Wilfred alikuwa mchumba wangu. Mama yake, Mama Rosalia, alikuja kwetu na posa na kitenge kile, alichokidarizi mwenyewe. Wiki tatu baadaye nikapokea ujumbe wa Wilfred:

"Apo, mama amekukataa kabisa. Usinitafute, na yeye usimtafute."

Kesho yake baba yangu, Mzee Gaudens, akaniita sebuleni.

"Apolonia, yule mama amenipigia simu analia. Umemtukana mzazi wa mwenzio?"

"Baba, sijawahi!"

"Mtu mzima yule hawezi kunizulia."

Tangu siku hiyo baba hakunisemesha tena. Nilimpigia Mama Rosalia mara ishirini, hakupokea hata moja. Nikaaga nyumbani, nikapanga chumba nyuma ya karakana yangu hapa Mwananyamala, nikabaki na ngozi, sindano na jina lililochafuka.

Nikapanda kiti, nikakishusha kitenge.

"Chukua hiki, dada. Ila kwa sharti moja. Kazi yangu naikabidhi mwenyewe, mbele ya mvaaji, na naanza kwa kuigeuza ndani nje ili mshono uonekane. Wateja wangu wote wanajua."

"Hata mbele ya wageni?"

"Hasa mbele ya wageni."

"Weee! Nimeipenda hiyo! Basi Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwangu. Siku hiyo ananivisha pete. Mama yake anakuja, na shangazi zake wote."

Nilishona siku nne kwa hasira, na sikukosea hata tundu moja. Nilikikata kitenge kwa hesabu ili lile ua likae katikati ya mgongo, mahali ambapo hata mwenye mtoto wa jicho angeliona. Alhamisi Anastasia akapiga simu.

"Fundi, nimekutana na mama mkwe. Mkali huyo! Kaniuliza kabila kabla hajaniuliza jina."

"Usijali. Hiyo bitana ataitambua."

"Ataipenda?"

"Tutaona Jumamosi."

Najua, nilikuwa namtumia mtoto wa watu. Nilijua na nikaendelea kushona.

Jumamosi nilifika Mbweni na jaketi mkononi, ndani ya mfuko wa nguo. Turubai jeupe limefungwa uani, pilau inanukia, shangazi wa Masasi wamejaa mstari wa mbele. Wilfred aliponiona alinifuata haraka, tabasamu limemgandia usoni kwa ajili ya wageni.

"Apo, unafanya nini hapa?"

"Nimeleta kazi ya mteja."

"Ondoka. Tutaongea kesho."

"Si ulisema nisikutafute? Basi maliza shughuli yako."

Anastasia alishachukua kipaza sauti.

"Jamani, kabla ya pete, nina zawadi ya Willy wangu! Fundi, karibu!"

Nikasimama mbele yao, nikalitoa jaketi likiwa limegeuzwa ndani nje, nikalinyanyua juu kwa mikono miwili.

Vigelegele vilianza upande wa Mbweni. Upande wa Masasi vilikatika njiani.

Mama Rosalia alinyanyuka.

"Lete hapa."

Nikampelekea. Alipitisha kidole juu ya ua, uzi kwa uzi.

"Hili nimelidarizi mie."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Alimgeukia mwanawe.

"Wilfred, si uliniambia hiki kitenge kimetupwa jalalani?"

Hapo hata mimi nilishtuka.

"Jalalani? Nani kakitupa?"

"Wewe! Mbele ya mwanangu! Ukasema huwezi kuvishwa matambara ya wauza korosho!"

"Mama, kitenge chako kimekaa rafuni kwangu miezi sita, nimekikunja na karafuu ndani kisiliwe na wadudu. Hebu nusa."

Alikisogeza puani. Akanusa mara mbili.

"Mie niliambiwa wewe ndiye uliyenikataa," nikasema. "Ujumbe huu hapa."

Alichukua simu yangu, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti hadi lile neno la mwisho. Shangazi mmoja akashika kichwa.

"Mama, hapa si mahali pake," Wilfred alianza.

"Nyamaza! Umenifanya nimlilie mzee wa watu kwenye simu kwa uongo! Kisa?"

"Nilitaka kuepusha ugomvi..."

"Ulitaka nyumba ya Mbweni," shangazi yule alimmalizia.

Anastasia alikuwa bado ameshika kipaza sauti, kwa hiyo wote tulimsikia akivuta pumzi.

"Willy, uliniapia hujawahi kupeleka posa popote."

"Ana, nisikilize mpenzi wangu..."

"Usiniite mpenzi." Kisha akanigeukia, macho yamejaa. "Na wewe fundi! Ulijua tangu siku ile ya vipimo?"

"Nilijua."

"Ungeniambia!"

"Ungeniamini?"

Alishusha kipaza sauti.

"Nisingekuamini. Ningekutukana na ngozi zako."

"Nisamehe, dada. Nilikuwa nakuhitaji."

Mama Rosalia alilirusha jaketi kifuani kwa mwanawe.

"Vaa."

"Mama, kwa jua hili?"

"Umeshonewa, vaa! Kisha simama pale nje ya turubai tukuone vizuri."

Wilfred alivaa. Lilimkaa kama ngozi yake mwenyewe. Kazi ni kazi. Dakika moja tu, jasho likaanza kumchuruzika shingoni.

"Haya, mwanangu," Mama Rosalia aliniambia, sauti imeshuka. "Unataka nini? Ukimtaka, namrudisha kwenu leo hii."

"Huyu? Hata kwa kulipwa simtaki. Nataka umpigie baba yangu, umwambie ukweli hapahapa, kila mtu akisikia."

Alipiga, akaweka sauti ya juu.

"Mzee Gaudens, ni mama yake Wilfred. Nilikuletea uongo nyumbani kwako. Binti yako hajanitukana. Mwongo ni mwanangu, na nasema hivi mbele ya ukoo wangu wote. Naomba unisamehe."

Sauti ya baba ikasikika uani kote.

"Apolonia yupo hapo?"

"Nipo, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Alikohoa. "Marahaba, mama. Chumba chako sijakigusa. Na huyo kijana, yupo?"

"Yupo hapa Mbweni, baba. Amesimama juani."

"Mwambie asiondoke. Navaa viatu, nakuja."

Wilfred alisikia. Alianza kujipapasa mifukoni, mfuko hadi mfuko.

"Ana, ufunguo wa pikipiki uko wapi?"

"Ninao mie. Na pikipiki ni yangu. Tembea."

Alitoka getini na jaketi lake mwilini. Barabara ile ya vumbi haina mti hata mmoja, na hakuna aliyemwita arudi. Watoto wa jirani ndio waliomsindikiza, wakimwimbia.

Nikaokota mfuko wangu ili nikamsubiri baba getini. Anastasia akanishika mkono, bado analia.

"Unaenda wapi wewe? Umenivurugia shughuli, halafu pilau ya watu themanini nimpe nani? Kaa chini ule. Na kuhusu shonashona zako hizo, nitakuja tugombane vizuri Jumatatu."

"Karibu, dada. Nipo kuanzia saa mbili."

Meza kuu ilikuwa na kiti kimoja kitupu, kimefungwa utepe wa dhahabu. Nikakivuta, nikakaa, nikaomba na kachumbari.