Dawa Haitoi Damu

Msimamizi wa karakana alikutwa asubuhi, wafanyakazi wenzake hawajaingia, amepiga magoti mbele ya pipa la kuoshea vyuma, kichwa chote kimezama ndani. Polisi walipomvuta, kisogo kilikuwa kimebonyea kama sufuria iliyoangushwa, na kinywani ikamwagika dawa.

"Dawa" ndilo jina walilolitumia wote pale. Ni maji yasiyo maji, yanayoyeyusha grisi kwenye vyuma vya pampu kufumba na kufumbua. Koplo alikohoa mpaka akatokwa na machozi. Mpelelezi, mwanamke mnene wa sauti ya chini ambaye wenzake walimbandika jina la Konokono, alijifunga kitambaa puani, akachungulia ndani ya pipa. Alitoa spana kubwa ya bomba. Mpini uling'aa, hauna hata chembe ya grisi, lakini katikati ya meno yake damu ilikuwa imeganda na nywele.

"Mtu ameiosha," alisema.

"Basi hajui kuosha, Mama," koplo akajibu.

Mlangoni palikuwa na matone mengine ya damu, ya mviringo, yaliyodondoka moja moja. Kati ya mlango na pipa, sakafu ilikuwa safi.

Mlinzi wa geti, mgeni kazini, alizungumza huku ameziba pua kwa kiwiko.

"Waliingia watatu tu, afande. Bosi alipanda ofisini kwake. Msimamizi akaingia baada yake, akabaki chini. Kisha yule mgonjwa, mwosha vyuma wa zamani. Nikamsikia anapiga kelele, 'Dawa itakumaliza na wewe!' Akatoka na leso puani, imelowa damu."

"Kesi imejileta kwa miguu yake," koplo alisema.

"Ikikuletea miguu, itazame na viatu," Konokono akamjibu. Hata hivyo amri ilitoka juu, na mchana mgonjwa alikuwa amefungwa pingu mguuni kwenye kitanda cha hospitali.

"Ana saratani ya damu," daktari alieleza. "Dawa yao ina benzini. Ukiivuta miaka na miaka inaingia kwenye uboho wa mifupa, huko damu inakotengenezwa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo inayomuua huyu. Ila ni wa tatu kutoka karakana ileile, na hatamaliza wiki."

Mke wa mgonjwa alimshika Konokono mkono. "Dada, kwamba anakufa tumeshalia tukamaliza. Lakini akifa na pingu, wanangu wataitwa watoto wa muuaji mpaka wazeeke."

Konokono alivuta kiti. "Ulimwendea msimamizi kwa nini, baba?"

"Kumwomba aseme ukweli. Feni za kutoa hewa zilizimwa makusudi, naye anajua. Akanyamaza kama jiwe. Nikamtukana mama yake. Nikamwambia dawa imenimaliza mimi, itakumaliza na wewe. Pua ikaanza kuvuja pale mlangoni, nikaenda zangu."

"Hayo si vitisho?"

"Ni vitisho gani, afande? Si anaivuta kama mimi?"

Aliomba maji. Kikombe alikishika kwa mikono miwili, na bado mkewe alilazimika kukitegemeza. Konokono aliitazama ile mikono, akaukumbuka uzito wa spana.

Alirudi karakanani na koplo, wakapanda ofisini. Bosi alikuwa mzee wa miraba minne, amevaa koti zuri, madirisha yamefungwa.

"Karibuni, karibuni! Mmemkamata, nasikia. Mshukuruni Mungu."

"Leo ulishuka chini, Mzee?"

"Mimi? Wiki nzima sijakanyaga huko penye mapipa! Ngazi na magoti yangu hawasalimiani." Alicheka. "Lakini usinione hivi, binti yangu. Nimeosha vyuma kwa mikono hii kabla hujazaliwa. Dawa ile inatoa kila kitu."

Koplo alianza kukohoa. Macho ya Konokono yalimwasha.

"Unasikia harufu gani humu, Mzee?"

"Harufu? Sisikii kitu."

"Koplo?"

"Dawa, Mama. Inatoka kwenye koti lake."

Bosi aliishusha mikono chini ya meza.

"Pua yako ilikufa zamani," Konokono alisema polepole, "ndiyo maana hukujua kwamba umepanda nayo. Mwingine yeyote mwenye damu mikononi angekimbilia bomba la maji. Mwosha vyuma, mkono unaenda kwenye pipa wenyewe. Dawa inatoa grisi, Mzee. Damu haitoi. Kunjua pindo la mkono wa koti."

Hakulikunjua. Alinyakua gia ya chuma iliyokuwa mezani, akampiga koplo nayo. Taya lililia kama ukuni unaovunjwa, koplo akaanguka anatema meno. Kisha ile mikono mipana ikamkaba Konokono koo na kumbamiza ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili. Chumba kilianza kumwia giza. Alimpiga mzee teke gotini kwa nguvu zote zilizobaki. Mzee akanguruma, akaporomoka, na koplo, kidevu kikichuruzika damu, akamlalia mgongoni mpaka pingu zikalia.

Ndani ya pindo, damu ilikuwa imekauka kama kutu.

"Msimamizi alipanda hapa!" Bosi alifoka, shavu sakafuni. "Mkate wangu kala, halafu aniambie anakwenda kusema kila kitu! Feni zinaikausha dawa, inapotea hewani, nifanyeje? Mimi nimeivuta maisha yangu yote, nimekufa? Nilimfuata chini, nikamkuta ameinama juu ya pipa. Nikampa dawa yake!"

Jioni Konokono aliifungua pingu ya mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, shingo yake ikiwa na alama za vidole. Mke alianza kukisugua kifundo cha mguu wa mumewe.

"Msimamizi alikubali," Konokono alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Ulipotoka tu, alipanda ngazi akamwambia Bosi atasema. Aliuawa kwa hilo."

Mgonjwa aligeuzia uso ukutani.

"Na mimi nikamtukana mama yake."

"Mjane wake yuko hapo mlangoni. Anataka kujua mumewe aliachana vipi na wewe asubuhi ya leo. Nimwambie umelala?"

Mgonjwa aliufuta uso kwa kiganja, kisha akamnyooshea mkewe mkono.

"Niinue," alisema. "Niketi vizuri."