Paa Halimo Kwenye Kodi

Jamaa za Marko Mughwai wa Ihanja hawaisimulii habari hii mbele ya mwanamke mjamzito, na nadhani wana haki. Ilitokea enzi za Mwingereza, mwaka ambao mvua za Singida zilichelewa kukatika.

Marko alikuwa amepata kibarua cha barabara mjini, na asubuhi moja alitoka kutafuta chumba. Mkewe, Dorika, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibikia njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kabla hawajafika hospitali. Safari hii waliapa kwamba mtoto atazaliwa karibu na daktari. Lakini kila chumba mjini kilimshinda bei.

"Wewe unapanga chumba au unaposa nyumba?" mwenye nyumba mmoja alimcheka, alipochoka kubembelezwa. "Nenda Mandewa. Kule kuna tembe za watu wa kiwango chako."

Mandewa alimkuta Mama Luciana, mjane aliyekaa peke yake katika tembe refu, paa lake la udongo bapa kama uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo amekaribia?"

Marko hakuwa amemtaja mkewe. Lakini kodi aliyotajiwa ilikuwa ndogo kuliko zote, naye hakutaka kuuliza maswali.

"Mlete," alisema mama yule. "Ila paa halimo kwenye kodi. Msipande. Msiweke kitu juu."

Marko alikubali. Angekubali hata kama angeambiwa walale wamesimama.

Siku ya kuhama mvua iliwakuta juu ya lori, gunia lao la mtama likalowa. Mtama ule ndio uliowawezesha kukaa mjini. Ujira wa kibarua ungelipa kodi au ungenunua unga, si vyote viwili. Kesho yake jua lilipotoka, Mama Luciana akiwa sokoni, Marko alisikia gunia limeanza kunuka uvundo. Mtu aliyekulia kwenye tembe anajua mahali pamoja tu pa kuanika nafaka. Akapanda, akaumwaga, akautandaza. Aliahidi moyoni kuushusha kabla mwenye nyumba hajarudi.

Adhuhuri walisikia sauti ya mtoto juu yao.

"Swaa! Swaa!"

Alikuwa akiwinga ndege. Dorika alicheka, akasema watoto wa hapa wana adabu, wanasaidia bila kuombwa. Marko akatoka kumshukuru. Juu hapakuwa na mtu. Mtama ulikuwa umegeuzwa vizuri, mstari kwa mstari, na ndege walikuwa wametua kwenye miiba ya mbali, kimya, wakiutazama.

Mama Luciana aliporudi aliliona paa, akatua kikapu chake taratibu.

"Umemwita," alinong'ona.

"Nani, mama?"

"Mwanangu Manase. Kuwinga ndege ndiyo ilikuwa kazi yake, mpaka siku alipoteleza akaanguka kutoka hapo, ana miaka saba. Akiona mtama, anajua anahitajika."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Marko. Mama yule alimtazama Dorika kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mlango.

Mtama ulishushwa. Nyayo za Manase hazikushuka. Kesho yake zilitembea tangu asubuhi, nyepesi, za haraka, na vumbi la udongo likadondoka ndani ya chungu. Dorika alipolala, zilisimama juu ya kitanda. Marko akakisogeza kitanda. Zikasogea.

"Mtoto anageuka kila zinapopita," Dorika alisema, mkono tumboni. "Zikienda mlangoni, naye anaelekea mlangoni."

"Usiseme hivyo."

"Wewe weka mkono."

Hakuweka. Alitoka mbio kutafuta chumba kingine, chochote, hata banda. Waliomcheka mwanzo wakamcheka tena. Wengine, waliposikia ametoka wapi, waliacha kucheka na kufunga milango.

Alirudi jua likizama. Nyumba ilikuwa kimya. Alisikiliza juu. Hakuna. Akavuta pumzi, akaingia. Dorika alikuwa ameketi sakafuni, macho wazi, jasho linamtiririka.

"Afadhali ameondoka," Marko alinong'ona.

Dorika akatikisa kichwa.

"Ameshuka."

"Yuko wapi?"

Akamshika mkono mumewe, akauweka tumboni. Uchungu ulikuwa umeanza.

Walifika hospitali mapema. Mtoto wa kiume alizaliwa salama, mzito, mwenye sauti. Marko alilia bila kuona haya. Kwa mara ya kwanza mkewe alikuwa amempakata mtoto aliye hai, na yote mengine yakawa madogo.

Asubuhi Mama Luciana alifika, ingawa hakuna aliyempelekea habari. Hakuomba kumbeba. Alimtazama tu akiwa amefungwa kwenye khanga, machozi yakimlenga, kisha akamgeukia Marko.

"Kuanzia mwezi ujao kodi itakuwa kama ya nyumba nyingine. Anikeni mtama mtakavyo. Juu hakuna mtu tena."

Akaenda zake. Marko alitaka kumwita mchoyo, lakini akarudi kwa mkewe.

"Marko," Dorika aliita polepole. Alikuwa ameifungua khanga upande wa miguu. "Njoo uone."

Nyayo za mtoto zilikuwa ngumu, zenye sugu. Visigino vilikuwa vimepasuka, kama vya mtoto aliyetembea peku miaka saba.