Kisiki Akataa Kumlaza Mfalme

Kila alasiri, akishatoka shuleni, Kisiki alifagia vumbi la mbao katika karakana ya mjomba wake seremala, akapangusa meza, kisha akapanga kete za sataranji. Kete hizo mjomba alizichonga mwenyewe, na ndiye aliyewafundisha watoto wa mtaa kucheza. Msichana huyu wa darasa la sita alipewa jina hilo kwa ubishi wake: akishasimama mahali, hang'oki.

Siku hiyo haukuwa mchezo wa kujifurahisha. Timu ya shule ilibakiwa na nafasi moja, na ili aipate, Kisiki alihitaji walau sare dhidi ya Nahodha, kiongozi wa timu. Mambo yalimwendea kombo mapema. Alipoteza malkia, kisha ngome, kisha askari wote. Akabaki na mfalme peke yake, amejibanza pembeni mwa ubao.

Desturi ya karakana ilikuwa kwamba anayezidiwa humlaza mfalme wake, kuonyesha amekubali kushindwa, ili wengine nao wapate ubao. Nahodha akapiga miayo ya makusudi. Waliosubiri zamu wakaanza kunung'unika.

"Mlaze bwana, unatupotezea muda," Nahodha alisema.

Machozi yalimlenga Kisiki. Wiki iliyopita alimlaza mfalme kwa kuona haya watu walipomcheka, na baadaye mjomba akamwonyesha kwamba njia ilikuwapo. Hasira ya siku ile ilikuwa haijamtoka.

"Simlazi," alisema. "Kama umeshinda, nimalize."

Nahodha angeweza kummaliza kwa hatua mbili tu. Lakini alitaka kumkoga. Askari akifika mwisho wa ubao hugeuzwa malkia, basi akamsukuma askari wake hadi huko apate malkia wa pili. Kwa kuwa malkia wa ziada hakuwapo, akaweka kizibo cha chupa ya gundi. Wenzake wakacheka. Kisiki alihesabu miraba, akahesabu tena.

"Mfalme wangu hajashambuliwa," alisema polepole, "ila hana pa kwenda, na sina kete nyingine ya kusogeza. Ni sare."

Nahodha alikikodolea macho kile kizibo. Mjomba aliweka randa chini, akaja kuukagua ubao, akasema kanuni ndiyo hiyo. Nafasi ikawa ya Kisiki.

"Kwa hiyo mjomba, mtu asikubali kushindwa kamwe?" aliuliza kwa majivuno.

Mjomba alivuta kigoda, wakacheza wao wawili. Haikuchukua muda Kisiki akazidiwa. Alitafuta njia, akatafuta tena, akaona hakuna, na alijua mjomba hawezi kukosea mahali kama pale. Akamlaza mfalme, akampa mjomba mkono. Safari hii hakuna aliyemwambia.

"Hapo sawa," mjomba alisema. "Umepima mwenyewe ukaona yamekwisha. Usimlaze mfalme wako kwa sababu mtu amepiga miayo."