Kifuniko cha Namba Tano

Jumanne hiyo Sista aliamka vizuri, akamwagilia maua yake, akagombana kidogo na jogoo wetu aliyeruka ukuta, kisha akavaa viatu vya kutokea. Binti yake alikuwa getini anamsubiri waende kuchagua kipima upepo cha matairi. Sista si jina lake. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na nne, na hata alipostaafu mtaa mzima tuliendelea kumwita hivyo. Mumewe, dereva wa malori, tulimwita Breki, maana aliliona shimo kabla shimo halijamwona yeye. Breki alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya hapo.

Muuza vipuri aliwapangia vifaa juu ya kaunta kwa madaha, kama anayetandika meza ya wageni. "Mama zangu, hivi vinakaa ndani, kwenye rimu. Havichezewi wala haviibiwi, ila lazima matairi yote yavuliwe. Hivi vingine ni vifuniko tu. Unatoa kile cha plastiki kwenye valvu, pale pa kujazia upepo, unafunga hiki. Kila kimoja kina namba yake. Kinapima upepo na joto la tairi, kinatuma kwenye kioo kinachokaa mbele ya dereva. Upepo ukishuka, kioo kinapiga kelele."

"Gari letu ni basi dogo tulilogeuza nyumba," binti akasema. "Lina vitanda na jiko ndani. Magurudumu sita, nyuma yamepangwa mawili mawili."

"Basi chukua vifuniko. Kutoka gurudumu la nyuma mpaka kwenye kioo ni mbali kidogo, lakini vinafika. Vina nguvu ya hatua kama ishirini, zaidi ya hapo vinapotea."

Sista akatoa mkobani kioo chao cha zamani, akakiweka juu ya kaunta. Sasa akauliza, "Na mtu akiwa na kifaa cha zamani kama hiki, kifuniko kimoja kikapotea?"

"Huyo hahitaji kununua seti nzima. Namuuzia kifuniko kimoja, tunakisajili kwa namba ileile, cha zamani kinafutika. Kioo hakitakijua tena."

"Kinafutika kabisa?"

"Kabisa, mama."

Sista akakirudisha kioo chake mkobani. "Nipe kipya," alisema. "Chote. Na cha zamani naondoka nacho kama kilivyo."

Binti alifurahi, maana alikuwa amembembeleza mama yake wiki tatu. Hakujua kwamba mama yake alikuwa amepata hofu pale dukani, na hofu yenyewe haikuwa ya tairi kupasuka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Breki. Mtu mwema, dereva wa kuaminika, lakini msahaulifu kupita kiasi. Miaka yote ya malori alimwahidi mkewe kwamba siku moja watapita barabara zote hizo pamoja, mkewe akiwa amekaa kushoto kwake badala ya kumsubiri dirishani. Alipostaafu akanunua basi chakavu, akalichonga kwa mikono yake mwenyewe, wakaliita Kobe, kwa sababu linatembea na nyumba mgongoni. Akalifungia vifuniko vya kupimia upepo. Sista akaandika namba juu ya kila kimoja kwa rangi nyekundu ya kucha.

Tabu ilikuwa namba tano, tairi la nyuma la ndani. Hilo lilipungua upepo mara kwa mara. Breki alikuwa anafungua kifuniko, anajaza upepo, anakitumbukiza kifuniko kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo, anasahau. Wakianza safari kioo kinalia: namba tano, upepo sifuri, joto thelathini na nne. Hilo ni joto la kifua cha Breki kupitia kwenye shati. "Rudisha kifuniko mahali pake," Sista alikuwa akimwambia, na Breki anacheka, anasema atakirudisha wakisimama. Basi Sista anabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Alikibonyeza mara hamsini, labda mia. Mazoea yana tabu.

Siku ile kioo kililia saa tano asubuhi, jua likiwa kali na barabara imenyooka. Sista alikuwa anamenya chungwa. Akabonyeza kitufe bila kutazama. Kweli namba tano ilikuwa mfukoni, lakini kelele ilikuwa ya namba mbili, tairi la mbele. Dakika sita baadaye lilipasuka.

Sista alizinduka baada ya siku mbili katika wodi ya wanawake. Maisha yake yote amefunga macho ya wagonjwa wa watu, akawashika mikono mpaka ikapoa. Mumewe alikata roho katika jengo la pili, akiwa peke yake, na akafungwa macho na mtu asiyejua hata jina lake. Hilo ndilo lililomvunja moyo kuliko ajali yenyewe. Kuhusu kitufe, hakumwambia mtu. Alipewa nguo za marehemu kwenye mfuko wa plastiki. Shati alilifua mwenyewe kwa mkono, likatakata. Mfuko wa shati ulikuwa umefungwa kifungo, na ndani hamkuwa na kitu. Akalirudisha shati kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

Kobe alikaa gereji miezi kumi. Siku aliporudishwa uani, Sista aliingia kufuta vumbi, akakichomeka kile kioo cha zamani. Moja ikawaka. Mbili, ikiwa na kifuniko kipya alichoweka fundi. Tatu. Nne. Sita. Namba tano fundi alikuwa ameifunga kifuniko cha kawaida cha plastiki, kwa hiyo isingewaka.

Ikawaka.

Upepo sifuri. Joto thelathini na nne.

Alipekua kila droo. Alivua mito. Alilala kifudifudi akamulika chini ya viti. Hakuna. Akakichomoa kioo, kina betri yake, akatoka nacho mpaka barabarani. Namba zote zikapotea moja baada ya nyingine alivyozidi kwenda mbali. Namba tano ilibaki. Alikwenda nayo sokoni. Thelathini na nne. Alipanda nayo mpaka ghorofa ya nne kwa binti yake, akakiwasha kioo chooni. Thelathini na nne. Hatua ishirini, si zaidi, na hakukuwa na mtu.

Mtu mwingine angekimbilia kwa waganga. Sista alirudi kwenye basi mchana huo, akajilaza kwenye kitanda chao, upande wake wa siku zote, kioo juu ya mto. Akaanza kulia. Namba ikapanda. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Ikabaki hapo, kama kitu kidogo kilichobanwa kati ya vifua viwili. Nywele zikamsimama, lakini hakuondoka.

Ndiyo maana hakutaka kifutike. Lakini kioo kile kisingefaa kwa safari, kwani kingelia njia nzima kwa sababu ya namba tano, na ukikinyamazisha umenyamazisha matairi yote. Binti alikuwa na likizo, alitaka wote waende ziwani na watoto wake wawili. Wajukuu wale ndio ilikuwa furaha pekee iliyobaki kwa Sista. Kwa hiyo alinunua kipya kwa ajili ya watoto, na cha zamani akakificha kwenye mkoba wake kwa ajili ya moyo wake. Muuza vipuri alikuja kukifunga mwenyewe, akitweta chini ya gari.

Waliondoka asubuhi. Binti akiendesha, Sista kushoto kwake, watoto nyuma kitandani wakigombea dirisha. Kioo kipya kilikuwa kizuri, rangi zake zinang'aa. Upepo wa matairi yote, sitini na tano. Barabara ilipopata joto, namba zikaanza kupanda kama inavyotakiwa, sitini na nane, sabini, sabini na mbili.

"Namba tano haipandi," Sista akasema.

"Si ndiyo vizuri, mama? Imetulia."

"Mgonjwa anakimbia na mapigo hayabadiliki? Hicho kipimo kimekwama."

"Mama, umestaafu," binti akacheka.

Walifika kwenye mteremko mrefu unaoishia darajani. Watoto walikuwa wamelala. Jua lilikuwa utosini.

Kioo kikalia.

Namba tano. Upepo sifuri. Joto thelathini na nne.

"Ah, kimelegea," binti akasema. "Alituambia wiki ya kwanza vitasumbua." Akanyoosha kidole kwenye kitufe.

Sista alimdaka mkono. Alimkamata kwa nguvu mpaka gari likayumba. Kwa mkono mwingine akatoa kioo cha zamani mkobani na kukiwasha. Miezi minne hajawahi kuona namba tano ikiwa na upepo. Sasa ilikuwa nao. Arobaini na moja. Thelathini na tano. Ishirini na nane. Joto tisini na moja.

Alielewa. 

"Simama," alinong'ona.

"Mama, tuko kwenye mteremko."

"Simama, mwanangu. Baba yako amekirudisha."

Binti alisimamisha gari pembeni, zikiwa zimebaki hatua mia mbili kufika darajani. Waliposhuka walipokelewa na harufu ya mpira unaoungua. Tairi la ndani lilikuwa limechanika ubavuni, waya zimetoka, moshi mwembamba unapanda. Sista akapiga magoti, akapitisha mkono kati ya matairi, akatafuta valvu. Kifuniko kipya cha muuza vipuri hakikuwepo. Mahali pake pamefungwa kifuniko cheusi kilichochakaa, kikiwa na tano iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Kimekazwa sawasawa, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake.

"Hicho si cha baba?" binti aliuliza. 

Sista alikaa chini kwenye kokoto. Ndipo akasema yote. Chungwa, kelele, kitufe, namba mbili ambayo hakuitazama. "Mimi ndiye niliyenyamazisha," alisema. "Nimemuua baba yako kwa kidole kimoja, na nikakuacha unililie mimi."

 Binti akakaa naye chini, akakishika kile kidole. "Mama," akasema, "hata mimi sasa hivi nilikuwa nabonyeza."

Walilia pale, mchana mweupe, magari yakipita. Ndani ya basi kioo kipya kiliendelea kulia pole pole. Sifuri. Thelathini na nne. Mzee aliyefungua kifuniko kipya ili afunge chake alikuwa amefanya kama kawaida yake: amekitia mfukoni, amesahau.

Fundi alikuja akabadilisha tairi, akageuza gari, wakarudi. Safari ya ziwani iliishia hapo. Mita chache tu kutoka pale waliposimama, namba tano kwenye kioo kipya ikapotea, kikabaki kistari. Sista aliinama hadi kwenye kioo. Akafungua cha zamani. Kifuniko cheusi alichokitoa kwenye tairi kilikuwa kwenye kiganja chake na kilipima joto la kiganja chake tu. Alitazama nyuma kwenye kioo cha pembeni. Barabara ilikuwa tupu. Akakifumbata kile kifuniko mpaka nyumbani.

Waliingia getini saa kumi jioni. Mimi nilikuwa ukutani namtafuta yule jogoo, kwa hiyo hili nililisikia kwa masikio yangu. Kobe alipoegeshwa chini ya dirisha la chumba cha Sista, kioo kipya kililia. Namba tano ilikuwa imepatikana.

Sista aliingia ndani na kioo mkononi. Akafungua kabati. Ule mfuko wa plastiki wa hospitali ulikuwa chini kabisa, nyuma ya mablanketi, na fundo alilolifunga mwenyewe halijaguswa. Alilifungua kwa meno. Akatoa shati. Mfuko ulikuwa umefungwa kifungo. Juu ya kifungo palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi, na alipoigusa ilimchafua.

Kifuniko kipya kilikuwa ndani. Kilikuwa na joto.

Alikaa kitandani akakishika kwenye kitambaa cha shati, asikitie joto la mkono wake, macho kwenye kioo. Thelathini na nne. Baada ya muda, thelathini na tatu. Thelathini na moja. Mtu aliyekaa wodini miaka thelathini na nne anaijua namba inayoshuka namna ile, isiyorudi tena. Binti alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nipo," Sista alikuwa akisema. "Nipo hapa, mzee wangu. Safari hii nipo."

Ishirini na tisa. Ishirini na saba. Ilipofika ishirini na tano ilikuwa sawa na chumba, ikasimama. Akalikunja shati vizuri, mikono ikielekea kifuani. Kesho yake alitambaa mwenyewe chini ya Kobe, akakirudisha kifuniko kipya mahali pake.

Shati liko kabatini hadi leo, na binti anasema ile grisi haijakauka.