Samaki Asiye na Miiba

Ndimu mbili tu ndizo zilizonitoa ndani magharibi ile.

Nilikuwa nimerudi Kariakoo mchana huohuo. Tangu nifanyiwe upasuaji wa jicho nilikuwa Magomeni kwa binti yangu, Leticia. Mama Tarsis, jirani yangu wa chumba cha pili, alinisalimu kupitia pazia. "Karibu nyumbani, Mama Leti. Usipike. Leo nakuletea samaki wako, changu." Mate yakanijaa. Nikaona nisikae bure kama mgonjwa, walau nikatafute ndimu.

Nieleze kwanza. Ugonjwa wangu haukunizima macho yote. Uliyala katikati. Pembeni nilikuwa naona: mlango, beseni, miguu ya watu. Ila nikimtazama mtu usoni, palepale penye uso pana doa. Miaka yote hiyo nilizungukwa na kanga na mashati yanayoongea. Sikulilia televisheni, wala Biblia yangu. Nililia uso wa Leticia.

Kwa hiyo madaktari waliposema wanaweza kuniwekea ndani ya jicho la kulia kidarubini kidogo cha kukuza vitu, sikuuliza mara mbili. Bandeji ilipotoka na ukungu ulipokwisha, nilimwona mwanangu. Kovu la nyusi alilolipata utotoni, pua ya marehemu baba yake, kila kitu. Nililia mpaka nesi akanigombeza. Akanifundisha: jicho la kulia la kutazamia, la kushoto la kutembelea. Na kila siku nitazame nondo za dirisha. Nikiziona zimepinda, nirudi hospitali.

Jambo jingine: mimi ni mtu wa kinyaa, tangu usichana. Sinywei kikombe cha mwenzangu. Nikikuta unywele kwenye mchuzi, kwangu chakula kimekwisha. Lakini mtu asiyeona katikati hawezi kula samaki; mwiba mmoja nusura uniue. Ndipo Mama Tarsis, aliyehamia pale nikiwa tayari sioni nyuso, akajitolea. Kila magharibi aliniletea samaki aliyekwisha kutolewa miiba, akanitilia mkononi tonge kwa tonge. Laini. Vuguvugu. Sikukuta mwiba hata mmoja.

Nilimsifu mtaa mzima. Nilisema vidole vyake vina baraka.

Basi, nikanunua ndimu kwa Bushiri pale kona, wachuuzi wanafunga maturubai, adhana inaanza. Nikirudi, nikakuta mlango wa mbele umezibwa na marobota ya mitumba. Nikapitia uani, njia ambayo sikuwahi kuipita tangu niugue.

Uani kulinuka.

Si shombo. Shombo naijua. Hii ilikuwa harufu ya kidonda kilichofungwa kitambaa siku nyingi... tamutamu, ya kukaba koo.

Mama Tarsis alikuwa amechuchumaa karibu na jiko la mkaa, taa ya uani ikimmulika. Kanga yake ya rangi ya chungwa niliijua. Sahani yangu ya bati ilikuwa mapajani mwake. Nikasimama ili nimtazame vizuri, maana ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu aliyenilisha. Nikaelekeza jicho la kulia usoni pake.

Doa.

Nikajua jicho limeharibika. Haraka nikatazama nondo za dirisha la jikoni, kama nilivyofundishwa. Zimenyooka. Nikatazama ndoo, sufuria, ukuta... vyote vizima. Nikarudi kwake.

Halikuwa doa. Lilikuwa shimo.

Kuanzia paji hadi kidevu hapakuwa na kitu ila shimo jekundu, lenye majimaji, kingo zake zikicheza kama konokono aliyeguswa. Na kidarubini changu kinakuza. Nikamwona akimega samaki, na miiba yake, akamtumbukiza mle. Shimo likafunga. Likatafuna. Nikasikia miiba ikikatika.

Kap... kap.

Kisha likasukuma nje bonge jeupe, laini, linaloteleza. Akalipokea kiganjani, akaliweka kwenye sahani yangu. Ute ukafuata kama uzi, ukaning'inia, haukukatika. Sahani ilikuwa karibu kujaa.

Nilitapika palepale ukutani. Ndimu zikanidondoka.

"Mama Leti," akanong'ona, bila kugeuka. "Kumbe umepita huku."

Nikajifuta mdomo kwa kanga.

"Sasa unatapika nini, dada? Ni kilekile. Si ulikuwa unakipenda?"

Sijui miguu ilinifikishaje kwa Bushiri. Yeye ndiye aliyempigia Leticia simu, naye binti yangu akaja na bajaji kunirudisha Magomeni. Nilipomsimulia, alisema ni dawa za hospitali zinanisumbua.

"Mama, Mama Tarsis ana uso kama watu wote."

"Ukoje?"

"Uso tu. Wa..." Akafikiri. "Wa kawaida."

"Pua yake ikoje?"

Miaka yote amesalimiana na yule mwanamke, na hakuweza kuniambia.

Daktari alipima jicho, akasema ni zima kabisa.

Tangu hapo chakula hakinipiti. Wali unanikwaruza kama mchanga. Samaki aliyechambuliwa kwa vidole, hata akipondwa, koo langu linamkuta na miiba. Nimebaki mifupa. Na ikifika magharibi, hapo ndipo ninapojichukia, mate yananijaa. Nakitaka kile. Najijua nilivyo na kinyaa, najua kilikotoka, na bado nakitaka.

Jana Leticia alikwenda Kariakoo kuchukua nguo zangu. Alikawia. Alirudi mpole mno.

"Nimeonana na Mama Tarsis," alisema. "Amekusikitikia jinsi usivyokula. Kanielekeza namna ya kumtengeneza samaki wako."

"Nani kamwambia kwamba sili?"

Aliingia jikoni, akarudishia mlango.

Nikakaa kitandani, nikatazama nondo za dirisha. Zimenyooka. Nikanusa. Ile harufu ilikuwepo... ndogo, ya mbali.

Akatokea na sahani. Nikamkazia jicho la kulia. Kovu lipo. Macho yapo. Pua ya baba yake ipo. Nikamshukuru Mungu, uso wa mwanangu upo.

Ila shavu moja lilikuwa limevimba, na taya zinacheza.

"Leti," nikasema. "Una nini mdomoni?"

Akainua kidole, nisubiri. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Kap.

"Ngoja, Mama," akasema, mdomo umejaa. "Nakutolea miiba."

Akainamia kiganja chake. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie ateme, asukutue, akimbie.

Mdomo wangu ulifunguka. Haukutoa sauti. Ulifunguka ukasubiri tonge.